Majani Yalilala Sebuleni

Jani la chai likichunwa halifi. Linaendelea kupumua, na kila likipumua linatoa joto. Ukiliacha ndani ya gunia lililoshindiliwa, usiku mmoja unatosha kuligeuza jekundu na kulitia harufu ya uchachu, na likifika hapo hakuna kiwanda kitakachokubali kulipokea. Mtoto wa Kangari anayajua haya kabla hajajua kusoma. Mimi nimezaliwa upande wa kahawa, chini kidogo ya mji wa Nyeri, na nilijifunza somo hilo Ijumaa moja ya Novemba, nikiwa nimeshika upande mmoja wa kochi la watu, mvua ikinyesha, na mwenye nyumba akiniita kutoka mlangoni: "Inamisha! Inamisha upande wako!"

Tulikuwa tumekuja kutembea tu. Rafiki yangu, niliyesoma naye chuo cha ualimu, ameolewa Kangari, huko juu Kigumo, ambako Murang'a inaanza kuegemea Nyandarua na mashamba ya chai yanapanda hadi karibu na msitu. Shule zilipofungwa alinipigia simu akasema njooni nyote, baba na watoto, mlale, msiniletee habari za kurudi siku hiyohiyo. Basi tukafunga nyumba Nyeri, tukapita Othaya, Kiria-ini na Kangema, tukashuka hadi mjini Murang'a, kisha tukaanza kupanda upya. Mbura ya mwere, zile mvua fupi za mwisho wa mwaka, ilitupokea njiani. Tulipofika, viatu vya watoto vilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye kamba, na aliyetulaki mlangoni alikuwa mama mkwe wa rafiki yangu peke yake. Sote tunamwita Shosho, yaani bibi.

"Wenzenu bado wako kituoni," akasema. "Lori halijafika. Kunyweni chai kwanza."

Kituo cha majani ni kibanda cha mbao chenye meza na mizani. Mkulima huleta alichochuna, majani mawili na chipukizi lake, akayamwaga na kutoa yaliyokomaa. Karani hupima na kuandika kilo, kisha lori huzoa magunia na kuyapeleka kiwandani. Mvua ikiwa nzuri chai hutoa machipukizi kwa wingi, kwa hiyo wiki za mavuno mazuri ndizo hizo hizo ambazo barabara za udongo hugeuka uji. Jioni ile lori lilikwama mahali fulani bondeni. Watu walisubiri hadi giza likaingia. Karani akapiga simu, akasikiliza, akafunga daftari. Kila mtu akabeba magunia yake akarudi nayo nyumbani.

Rafiki yangu na mumewe waliingia uani wamelowa chepechepe, pamoja na vijana wawili wanaowasaidia kuchuna, magunia mgongoni. Hatukupata hata nafasi ya kusalimiana vizuri. Shosho aliingiza mkono ndani ya gunia la kwanza mpaka kwenye kiwiko, akanyamaza kidogo akilisikiliza kwa vidole, akautoa. "Yameanza kupata moto," akasema. "Toeni makochi."

Mume wa Shosho, yaani guka, babu wa nyumba hii, alipanda miche ya kwanza ya shamba lile katika miaka ya 1960. Kabla ya hapo, kwa muda mrefu wa utawala wa kikoloni, chai ilikuwa mali ya walowezi na makampuni, na Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na shina lake. Mlango ulianza kufunguliwa miaka ya 1950. Kiwanda cha Ragati kule Mathira, Nyeri, kilichojengwa mwaka 1957, kilikuwa cha kwanza kusindika majani ya wakulima wadogo, na mwaka 1964 likaundwa shirika la serikali la kuendeleza chai yao, KTDA. Mashina ya guka yangali yanachunwa. Yamelipa karo, yamelipa mabati, yamelipa mazishi yake mwenyewe. Sikushangaa kwamba mjane wake hakutaka kuona gunia hata moja likiungua akiwa hai.

Makochi yakatoka, yote, pamoja na vitambaa vyake vyeupe vya kushona kwa mkono. Tukayapanga barazani, moja juu ya jingine, tukayafunika kwa karatasi ya nailoni. Meza ya kati ikaenda chumba cha watoto. Televisheni ilibebwa na mume wangu kama mtoto mchanga, ikalazwa juu ya kitanda cha wenyeji. Kapeti ikakunjwa. Sakafu ikafagiwa, ikapigwa deki, ikakaushwa kwa shuka kuukuu, kisha yakatandikwa mashuka mengine safi na mapazia mawili. Ndipo magunia yakafunguliwa.

Sijawahi kuona rangi ile ndani ya nyumba. Kijani kilifunika sakafu kutoka ukuta hadi ukuta, kikapita chini ya picha ya harusi na kalenda, kikaingia kwenye ushoroba, kikasimama mlangoni pa chumba tulichoandaliwa sisi wageni. Baadaye kikaingia na humo, kwa sababu sebule haikutosha. Magodoro yetu yakahamia jikoni kwa Shosho, ile nyumba ya mbao iliyo kando ya nyumba kubwa.

Kumbe kiwandani kazi ya kwanza huwa hiyo hiyo. Majani humwagwa kwenye vihori virefu vyenye sakafu ya wavu, feni zikayapulizia hewa kutoka chini kwa saa 12 au zaidi, hadi yapoteze sehemu ya maji yake na kulegea. Kutokana na kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hupatikana kilo 1 ya chai kavu. Sisi hatukuwa na feni. Tulikuwa na madirisha, tukayafungua yote, baridi ya Nyandarua ikaingia na ukungu wake, nasi tukavaa masweta mawilimawili na kuanza kuyapindua majani kwa mikono, polepole, bila kuyakwaruza.

Halafu likaja suala la harufu. Jani la chai hunasa kila harufu lililo karibu nayo. Shosho akatoa amri moja baada ya nyingine, na sikusikia mtu akimbishia: moshi usiingie, kitunguu kisikaangwe, taa ya mafuta isiwashwe. Viatu vyote nje. Kisha akasimama mbele ya mume wangu, akanusa hewa. Mume wangu ana goti linalomsumbua wakati wa baridi, na alikuwa amelipaka dawa ya kuchua.

"Baba watoto," Shosho akamwambia kwa upole mkubwa, "wewe utatusaidia ukiwa jikoni."

Akaenda. Akapewa mwiko mkubwa na sufuria la mukimo, viazi na mahindi na majani ya malenge, akaponda mpaka jasho likamtoka. Ndiye mtu pekee aliyekuwa na joto nyumba nzima. Stima zilipopotea, saa mbili au saa tatu hivi, yeye alikuwa na mwanga wa kuni. Sisi tulikuwa na tochi za simu.

Hapo ndipo ndama alipoingia.

Nilielezwa baadaye jinsi ilivyokuwa. Maji yalikuwa yamefurika zizini, ndama akaogopa, akakata kamba, akatafuta mahali pakavu. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Tuliporudi kutoka kula tulimkuta amesimama katikati ya majani, miguu minne imezama katika kijani, masikio yamesimama, jani moja limemnata kwenye pua. Hakuna aliyepumua. Tulikuwa tunafikiria jambo lile lile sote: akiogopa atakimbia, akikimbia atakanyaga kila kitu, na akifanya lile jingine ambalo ndama hufanya akiogopa, kazi ya siku nzima imekwisha.

Shosho alivua ndala. Akaingia kwa miguu mitupu, akiwa amevaa aproni yake ya plastiki ya kuchunia chai, mkono mmoja mbele, akiongea na ndama kwa Kikuyu, sauti ya chini, maneno ya kumbembeleza ambayo nadhani aliwahi kuwaambia watoto wake wote. Hatua moja, akatulia. Hatua nyingine. Wajukuu walimulika kutoka mlangoni na vivuli viwili vikapanda ukutani, cha bibi na cha ndama, vikubwa hadi darini. Alipomfikia hakumshika shingo. Alimpa vidole vyake anyonye, naye ndama akamfuata hivyo hivyo, akinyonya, mpaka nje. Sakafu ilikuwa salama, ila njia moja nyembamba ya alama za kwato.

Watoto walilipuka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta penseli.

Inabidi nieleze. Kule chuoni, rafiki yangu ndiye aliyekuwa mwandishi na mimi ndiye mchoraji. Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tulikosa vitabu vya hadithi vya darasa la pili, tukatengeneza vyetu: yeye akiandika, mimi nikichora, tukivibana kwa stepla, watoto wakivisoma mpaka kurasa zikachanika. Kisha kila mmoja akapangiwa shule yake. Yeye akaolewa huku, mimi nikabaki Nyeri. Kuna madarasa ya wanafunzi wengi, kuna kusahihisha, kuna watoto wako mwenyewe wenye homa usiku. Meza niliyonunua kwa ajili ya kuchorea ikawa ya kupigia pasi. Miaka ikapita juu yake.

Usiku ule nilibandua Oktoba kutoka kwenye kalenda ya ukutani, kwa ruhusa, nikaigeuza upande mweupe. Nilichora nikiwa nimekaa kizingitini, tochi ikishikwa na mwanangu wa mwisho. Nilichora aproni, vidole, pua yenye jani. Mkono ulikuwa mzito mwanzoni. Mstari wa mgongo wa ndama ulikataa, nikaufuta, ukakataa tena, kisha ukakubali. Watoto watano walikuwa wamenizunguka na kila mmoja alikuwa na maoni. Kivuli hakikuwa hapo. Masikio yake yalikuwa marefu zaidi. Umesahau kalenda, shangazi, ilikuwa pale juu. Nikawaambia kalenda ndiyo hii nachorea. Wakaona ni haki.

Tuligawana zamu za kupindua majani. Ya kwangu na rafiki yangu iliangukia baada ya saa sita usiku. Nyumba ililala, mvua ikapungua ikawa matone ya mabati tu, nasi tukasogea kwa magoti kutoka kona hii hadi ile tukiyanyanyua majani na kuyaachia. Yalikuwa yameanza kulegea na harufu imebadilika, tamu, inayofanana kidogo na ya tunda. Tulipomaliza mzunguko mmoja aliingia chumbani akarudi na mfuko wa madaftari.

Hakuwahi kuacha. Hilo ndilo alilonionyesha. Miaka yote hiyo amekuwa akiandika hadithi za Shosho, zile za irimu, yaani zimwi, na fisi na msichana aliyetekwa, na juu yake za hapa kijijini: chui aliyeonekana kwenye chai, siku nyumba ya kwanza ilipoingizwa stima, mzee aliyetaka kuoa mara ya tatu akakataliwa na mbuzi. Katika kila daftari, kila baada ya kurasa chache, ameacha nafasi tupu, mstatili uliopigwa kwa rula.

"Hizi ni za nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Za kwako," akasema. "Nilikuwa nakungoja."

Watu wengi huamini kwamba anayechora au kuandika anahitaji chumba chake, utulivu na siku zisizo na kazi. Labda wako wanaohitaji hivyo. Mimi naamini, na naamini zaidi baada ya Kangari, kwamba mtu wa kazi hii anamhitaji mwenzake anayesubiri ukurasa. Nyumba ile haikuwa na chumba hata kimoja kilicho wazi. Hatukuwa na mwanga, wala mahali pa kukaa, na magoti yalikuwa yanauma. Nilikaa pale sakafuni, madaftari mapajani, nikiiona michoro ndani ya ile mistatili kana kwamba imeshachorwa.

Lori lilisikika alfajiri, likinguruma bondeni, na kijiji kizima kikatoka na magunia. Karani aliingiza mkono katika kila gunia kama Shosho alivyofanya, akanusa kiganja. Kwa jirani mmoja alitikisa kichwa, na sote tukamhurumia, kwa maana ile ni mboga ya wiki na karo ya Januari. Yetu aliyapitisha. Yalikuwa mepesi kuliko jana, maji yameondoka, kilo zimepungua, lakini yalipita. Jumamosi nzima tukairudisha nyumba mahali pake. Majani tuliyaokota kwenye mikunjo ya makochi, ndani ya kiatu cha mume wangu, nyuma ya televisheni, na sakafu ya saruji ilibaki na kivuli cha kijani ambacho Shosho hakutaka kukisugua.

Jumapili walitusindikiza hadi Murang'a mjini, na rafiki yangu akasisitiza tuingie katika kanisa la Mtakatifu Yakobo. Ibada ilikuwa imekwisha. Kanisa hili ni la kumbukumbu. Lilijengwa wakati wa Hali ya Hatari, mji ukiitwa Fort Hall, kuwaenzi Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau, na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1955. Najua ni kumbukumbu inayouma hadi leo. Vita vya Mau Mau vilipita katikati ya nyumba, ndugu huku na ndugu kule, na wafu wa upande wa pili hawakujengewa jengo kama hili. Lakini kuta zake zilipewa kijana mmoja kutoka Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea uchoraji Makerere: Elimo Njau. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora humo michoro mitano mikubwa ya maisha ya Yesu, kutoka kuzaliwa hadi kusulubiwa, na Yesu wake ni Mwafrika, watu wanaomzunguka ni watu wa hapa, vilima nyuma yake ni vilima hivi.

Nilikuwa nimeiona katika kitabu. Kusimama mbele yake ni jambo jingine. Fikiria mwaka wenyewe: nchi iko chini ya utawala wa kikoloni, watu wamefungiwa kambini, na kijana wa miaka ishirini na kitu anapanda ngazi na kuiweka hadithi kubwa kuliko zote mlangoni kwa mkulima wa Murang'a. Baadaye, mwaka 1965, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa, Nairobi, nyumba ya sanaa iliyowapa wasanii wa Afrika Mashariki ukuta wao wenyewe. Wanangu walitazama muda mrefu. Yule wa mwisho akauliza kama mchoraji alimjua Shosho, kwa sababu mwanamke mmoja pale ukutani anasimama kama yeye. Rafiki yangu akaniangalia. Hatukusema kitu, tulikuwa tumekwisha kuelewana.

Mipango tuliipanga pale pale nje, tukiwa tumeegemea gari. Vitabu vidogo, kimoja baada ya kingine, Kikuyu ukurasa mmoja na Kiswahili ukurasa unaotazamana nao. Karatasi 6 za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kijitabu cha kurasa 24, na hadithi ya Shosho inaenea humo vizuri pamoja na michoro. Anayedhani hiyo ni kazi ndogo asimame Karatina. Ni katika mji ule Gakaara wa Wanjaũ alichapa vijitabu vya Kikuyu kwa miaka mingi, baada ya kuwekwa kizuizini kutoka 1952 hadi 1960. Alitunga, akapanga herufi, akachapa, akauza mwenyewe. Shajara ya kizuizini aliyoihifadhi ilipotoka kama kitabu ilimpatia Tuzo ya Noma mwaka 1984. Alifariki mwaka 2001. Mimi hupita Karatina kila niendapo Nairobi, na sasa nina sababu ya kushuka: tunatafuta bei za wachapaji wa huko.

Rafiki yangu ametenga sehemu ya bonasi ya chai kwa karatasi. Mimi nimetoa pasi mezani. Cha kwanza ni cha ndama, na michoro yake imekamilika yote isipokuwa ya jalada, maana Shosho alitumiwa picha yake kwa simu akairudisha na maelezo. Aproni yake ina mfuko upande wa kulia, na mimi nimeuweka kushoto. Tena anataka ajulishwe mapema tukianza kile cha chui, kwa kuwa rafiki yangu ameandika kwamba chui alitoka juu msituni, na yeye Shosho, aliyemwona kwa macho yake, anasema alitokea upande wa mto. Desemba wanakuja kwetu Nyeri, wote, na madaftari yote. Tutaanzia hapo.